Kutoa madoido kwenye Volkswagen Beetle ya zamani bila kuua bodi

Swali ni lile lile kila siku. Mtu kanunua Beetle ya miaka ya 60 au 70, injini inaunguruma vizuri tu, lakini gari limevishwa madigadi mapana ya faiba, rimu za kung'aa za inchi 17, spoila mgongoni, tinti nyeusi tii, dashibodi imekatwa kwa ajili ya redio na waya zinaning'inia chini kama utumbo, sasa anataka lirudi lilivyotoka kiwandani na hajui aanzie wapi. Nimekuwa nikijibu kidogo kidogo kwa kila anayeuliza, leo nayaweka yote pamoja.

Kabla ya spana yoyote shika hili moja: kila dude lililobandikwa limefunika kitu. Spoila imefunika matundu, madigadi ya faiba yamefunika kingo zilizoliwa na kutu, mlango wa injini ulioinuliwa kwa vyuma ili "ipate hewa" umefunika mpira wa injini (ule wa kuziba kati ya bati za injini na bodi) uliopotea miaka mingi iliyopita. Mi nililipia somo hili. Beetle yangu ni 1300, siku ya kwanza tu kwa furaha nikang'oa spoila kwenye mlango wa injini, nyuma yake kulikuwa na matundu sita, nikasema nitayaziba wiki ijayo, masika ikaanza kabla ya hiyo wiki, maji yakawa yanadondokea juu ya distribyuta na gari likanizimikia barabarani usiku mvua inanyesha. Kwa hiyo usitoe kitu kama hujajiandaa kwa kilichopo chini yake, na usitupe ulichotoa mpaka kazi iishe.

Ijue gari yako kwanza

Huwezi kurudisha kitu mahali ambapo hupajui. Inua kiti cha nyuma, namba ya chasisi imegongwa kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya gari, na kuna kibati chenye namba hiyo hiyo kule mbele kwenye buti. Kwa magari ya modeli ya 1965 kuendelea, namba ikianza na 11 tarakimu ya tatu ndo mwaka wa modeli, yaani 117 ni ya 1967, 112 yenye tarakimu kumi ni ya 1972. Zile 1303 zenye kioo cha mbele kilichopinda zinaanza na 13. Na mwaka wa modeli wa Volkswagen ulikuwa unaanza Agosti, kwa hiyo gari lililotoka kiwandani Oktoba 1967 ni la modeli ya 1968, usibishane na kadi yako kwa hilo.

Mwaka una maana kubwa, maana vitu vinavyofanana kwa macho havifanani kwenye bolti. Rimu za zamani zina matundu matano mapana, mm 205 kwa duara, kuanzia modeli za 1968 nyingi zina matundu manne ya mm 130. Bampa za 1968 kuendelea ni zile bapa na vishikio vyake ni tofauti. Taa za nyuma zilibadilika 1968 zikabadilika tena 1973 zikawa zile kubwa za duara, na madigadi ya nyuma yalibadilika nazo. Watu wananunua madigadi mazuri kabisa alafu taa haikai.

Vipuri visikutishe. Kiwanda cha Puebla kule Mexico kilitoa Beetle mpaka Julai 2003, kwa hiyo vitu vingi vipya bado vinatengenezwa. Vilivyotumika ulizia kwa mafundi wazee, Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, kuna wazee wana madigadi ya chuma yamelala nyuma ya gereji kwa sababu hamna anayeyaulizia.

Mahitaji

- Spana na boksi spana za milimita, namba 13 utaitumia kuliko zote, namba 14 na 17 ziwepo
- Jeki nzuri na stendi nne za chuma (matofali hapana, tofali linapasuka bila taarifa)
- Dawa ya kulainisha kutu, WD-40 au inayofanana nayo, makopo mawili
- Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini
- Testa ya umeme na mita
- Draya ya nywele, mafuta ya taa, kadi ya plastiki
- Vifuko vya plastiki, stika za karatasi na kalamu isiyofutika
- Barakoa ya vumbi, miwani, glavu
- Mtungi wa kuzimia moto wa unga, uwe karibu muda wote
- Fundi wa kuchomelea anayejua bati jembamba, ongea nae mapema umwonyeshe gari

Hatua

1. Piga picha za kila kitu, picha mia mbili sio nyingi. Kila upande, kila kona, chini, waya zote kabla hujazigusa. Alafu pita na sumaku mwili mzima taratibu. Inaposhika vizuri ni bati, inapoteleza ni puti au faiba, chora alama kwa chaki. Ukimaliza utakuwa na ramani ya gari lako la kweli, na hapo ndo uamue kama kazi hii unaiweza kwa mwaka huu au unaanza na nusu.

2. Betri na petroli. Toa waya wa hasi wa betri, iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Angalia kama kifuniko chake kipo, maana springi za kiti zikigusa vichwa vya betri mtu mzito akikaa kiti kinawaka moto, na hii imechoma magari mengi. Angalia pia ni volti ngapi, baadhi ya zile za zamani bado zina umeme wa volti 6 na mtu kafunga redio ya 12. Alafu fungua mlango wa injini utafute filta ya petroli ya plastiki. Wengi wameiweka pale juu karibu na distribyuta, mpira ukichoka inamwaga petroli kwenye cheche. Ihamishie nje ya chumba cha injini, chini ya gari kabla bomba halijaingia kwenye injini, na badilisha mipira yote ya petroli. Blok ya injini hii ina magnesiamu, ikishika moto sawasawa maji yanauchochea badala ya kuuzima. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka ya kuona madigadi.

3. Stika na tinti. Rahisi. Pasha na draya mpaka gundi ilegee, vuta taratibu kwa pembe kali, gundi iliyobaki futa kwa mafuta ya taa kidogo kisha sabuni. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, rangi ya juzi juzi inaweza kuondoka na stika.

4. Waya. Hapa ndo penye kazi, na hapa watu wanaharibu kuliko sehemu nyingine. Usikate kitu kwa hasira. Waya za Volkswagen zina lugha yake ukiijua unatulia: nyekundu ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri (namba 30), nyeusi ni wa baada ya swichi (15), kahawia ni hasi (31), nyeupe ni taa ya full, njano ni ya dimu, kijivu ni taa ndogo, nyeusi yenye mstari mweupe ni indiketa ya kushoto na nyeusi yenye mstari wa kijani ni ya kulia. Waya wowote wenye rangi isiyokuwepo kwenye mchoro wa mwaka wako, hasa zile nyembamba za spika zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu, ni wa kuongezwa. Mfuate kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, uwekee stika, ondoa mmoja, rudisha betri, jaribu taa zote, honi, wipa, indiketa, toa betri tena, nenda wa pili. Ni polepole, ndiyo, lakini ukitoa kumi kwa mpigo na taa ya breki ikafa hutajua ni upi. Zile alamu za zamani zinakuwa zimekata waya wa swichi katikati, kwa hiyo ukitoa alamu lazima uunganishe waya wa asili tena kwa kulehemu au klipu ya kubana, kusokota hapana. Fyuzi zake ni zile za mviringo, nyeupe ni ampia 8 na nyekundu ni 16. Ukikuta imefungwa karatasi ya sigara au kipande cha waya, shukuru Mungu gari liko hai na ubadilishe zote siku hiyo hiyo.

5. Rimu. Chini ya rimu kubwa mara nyingi kuna spesa, kisahani cha kubadilisha matundu. Kitoe. Kwenye Beetle bolti inaingia kwenye nyuzi za drami yenyewe, sasa kagua nyuzi hizo, zikiwa zimelika drami inabadilishwa, hamna ujanja. Rimu za asili ni za inchi 15, nyembamba, na tairi ya 165 inakaa vizuri. Upepo watu wanakosea sana hapa, wanajaza 32 kote kama Corolla. Injini iko nyuma, mbele kwepesi: kwa tairi za radial weka kama 18 mbele na 27 nyuma, utaona usukani unavyobadilika.

6. Madigadi. Uzuri wa Beetle ni kwamba madigadi yote manne yamefungwa kwa bolti, hayajachomelewa, kwa hiyo hata aliyeharibu namna gani unaweza kurudi. Ubaya ni kwamba nati zake zimo ndani ya bodi, na ukanda wetu huu wa pwani chumvi imeshazishika. Piga dawa ya kutu leo, piga kesho, piga keshokutwa, siku ya nne ndo ushike spana. Legeza robo, kaza kidogo, legeza tena. Ukilazimisha nati inazunguka ndani au bolti inakatika, na hapo kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili za drili na kutengeneza nyuzi upya. Ya faiba mara nyingi yameongezewa ribiti na silikoni, ribiti zitoboe kwa drili, silikoni kata kwa kisu chembamba, na vaa barakoa maana vumbi la faiba linawasha na sio zuri kwa mapafu. Ukishatoa usifunge mapya haraka. Angalia kingo, angalia chini ya ubao wa kukanyagia, na hasa ule mhimili mtupu unaopita chini ya mlango. Ule ndo unaoshika gari lisipinde. Ukiuchoma na bisibisi ikaingia, acha madoido yote, shughulikia hilo kwanza, na fundi asikate chochote kabla hajaweka fito ndani ya mlango kuzuia uwazi usibadilike. Kufunga madigadi mapya: weka bolti zote kwa mkono kwanza, chomeka ule ukanda wa mpira kati ya digadi na bodi, nyoosha, ndo ukaze kuanzia katikati kwenda pembeni.

7. Matundu. Ya spoila, ya antena tatu, ya ribiti. Usiyajaze puti. Puti juu ya tundu inakaa msimu mmoja, unyevu unaingia kwa nyuma, inavimba na kudondoka na tundu limekuwa kubwa. Yachomelewe kwa mashine ya MIG ya waya mwembamba wa mm 0.6, nukta moja hapa, nukta nyingine kule, bati lipoe katikati. Fundi akivuta mstari mrefu kwa mpigo bati linajikunja na utalipia kunyoosha. Mwambie mapema na ukae hapo uangalie, sio ubaya.

8. Dashibodi iliyokatwa. Hii inauma maana mwenzio alishika grenda akakata chuma cha 1968 kwa ajili ya redio ya bei rahisi. Dawa yake ni kipande kutoka kwenye Beetle iliyokufa. Kata kwanza kiolezo cha karatasi ngumu kwenye dashibodi nzima ya mtu mwingine wa mwaka unaofanana, uende nacho kwa wauza vyuma chakavu, kata kipande kikubwa kuliko tundu lako, alafu punguza kidogo kidogo kwa tupa mpaka kikae bila kulazimishwa. Mlangoni penye matundu ya spika, kama chuma hakijakatwa weka kadi mpya ya mlango (ule ubao wa kufunika mlango kwa ndani), imeisha.

9. Kimo. Hapa kuna hatari, soma mara mbili. Beetle nyingi hazina springi za kuzunguka, zina vyuma vya kujisokota ndani ya mabomba. Aliyeshusha nyuma alizungusha chuma hicho. Kina meno 40 ndani na 44 nje, jino moja la ndani ni nyuzi 9, la nje ni kama 8.2, kwa hiyo ukisogeza moja ndani na kurudisha moja nje unapata badiliko dogo chini ya nyuzi moja. Ndo namna ya kupata kimo sawa kulia na kushoto. Pembe sahihi soma kwenye kitabu cha modeli yako, usichukue ya jirani. Kabla ya kulegeza bolti za bamba la nyuma (lile bapa la chuma lililoshikwa na chuma cha kujisokota) chora alama kwa patasi bamba lilipokaa, vinginevyo magurudumu ya nyuma yatakuwa yanaangalia pembeni. Na bamba lile likiwa limebanwa lina nguvu ya kuvunja mkono, lishushe kwa jeki, mwili wako uwe pembeni, na kama hujawahi kufanya mpe fundi aliyewahi. Mbele, kama bomba zimekatwa na kuchomelewa upya zikiwa zimezungushwa, usizikate tena, tafuta bomba nzima nyingine. Chuma kilichochomelewa mara mbili pale usukani unaposhika sikiamini. Zile 1302 na 1303 mbele zina springi na shokapu kama gari za kawaida, ukikuta springi imekatwa nunua mpya pea.

10. Injini. Bati zote zinazozunguka injini zirudi, hata zile ndogo za chini, na mpira unaoziba kati ya bati na bodi. Watu wanazitoa wakidhani wanapunguza joto, kumbe injini hii inapozwa na hewa inayosukumwa na feni, na mpira ule unazuia hewa moto ya chini isirudi juu. Ukisharudisha, shusha mlango wa injini ufunge kama zamani. Kama mabomba ya hita yalitolewa (huku kwetu nani anawasha hita) hakikisha midomo yake kwenye bati la feni imezibwa, la sivyo hewa inapotea. Distribyuta ile isiyo na kikombe cha vakyumu, ya 009, ibadilishe uweke yenye vakyumu. Kisha uwazi wa pointi mm 0.4, wa valvu mm 0.15 injini ikiwa imepoa kabisa, na taiming kwa namba ya injini yako.

11. Taa, bampa, mwisho rangi. Rangi ni ya mwisho, sijali mtu anasema nini. Rangi ya asili utaikuta nyuma ya dashibodi au chini ya kiti cha nyuma, sehemu ambazo wapaka rangi hawafiki, mpelekee mchanganyaji kipande. Na kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukibadilisha nenda karekebishe kadi.

Ambavyo mi siondoi

Mikanda ya usalama iliyoongezwa inabaki. Breki za disk mbele kama zimefungwa vizuri zinabaki. Alteneta badala ya dainamo inabaki. Rilei za taa za mbele zinabaki tena namsifu aliyeziweka. Kuna watakaosema sio asili, sawa, lakini watoto wangu wanapanda gari hili.

Likikusumbua baada ya kazi

Ukikanyaga mafuta linasita kwanza: kama 009 bado ipo ndo yenyewe. Kama umeshaweka ya vakyumu, kagua kimpira kati yake na kabureta, kimepasuka au kimekosewa tundu.

Indiketa inawaka haraka haraka: balbu moja imeungua, au umeacha LED upande mmoja, au hasi ya taa imepakwa rangi. Kwaruza mpaka chuma kionekane.

Harufu ya mafuta moto ukiwa kwenye foleni: mpira wa injini haujakaa kote, pita na tochi usiku, wa ndani na wa nje, penye mwanga panapita hewa.

Usukani unatetemeka mwendo wa 80: rimu za zamani nyingi zimepinda, zizungushe kwenye jeki uangalie kwa jicho kabla hujapeleka balansi. Zikiwa sawa, shokapu ndogo ya usukani imekufa.

Gari limeinama upande mmoja: umepishana jino kwenye hatua ya 9. Lisukume mbele na nyuma mita chache kwanza ndo upime, likiwa limetoka kwenye jeki muda huo huo linadanganya.

Mlango ulikuwa unafunga vizuri sasa unagonga chini: bodi imeshuka wakati wa kuchomelea. Usipige bawaba nyundo. Rudi kwa fundi, anyanyue bodi mpaka uwazi wa mlango uwe sawa juu na chini, ndo afungue alichochomelea na kuanza upya.